Viangazi vya Mpagazi

Nilianza kumshuku Mpagazi kabla sijala naye hata tonge moja. Siku ya tatu baada ya kuolewa na kuletwa Cheyo, nilitoka asubuhi kufagia uwanja nikamwona ng'ambo ya njia, amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha mbele juu ya gogo. Nikafagia, nikateka maji, nikatwanga, nikapika, nikajilaza kidogo, nikatoka tena. Bado yuko. Kilichosogea ni kivuli chake tu. Mavuno yalikuwa yamekwisha na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kupumzika, lakini hata kupumzika kuna kiasi chake. Nikamwambia mume wangu, "Yule mzee anatuangalia." Akacheka. "Yule haangalii mtu. Anapumzisha miguu."

Jina alikuwa nalo, na wazee walilijua, lakini sikusikia likitumika. Wote walimwita Mpagazi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote, enzi za misafara, kubeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema. Sikumwuliza, na ningemwuliza angenidanganya. Nitasema niliyoyaona kutoka mlangoni kwangu, na niliona mengi, maana mtu nikishamshuku huwa simwachi.

Miguu yake ilikuwa mirefu kupita mwili wake, na visigino vimepasuka mipasuko ambayo ungeweza kuingiza punje ya mtama. Kwenye bega la kushoto alikuwa na nundu ngumu, imeota pale pembe zilipokuwa zikikaa. Alijivunia nundu ile. Wageni wakija aliteremsha nguo begani, kana kwamba ni joto tu, na akangoja waulize. Wakiuliza, alisema amekwenda pwani na kurudi mara kumi na tatu. Mwezi unaofuata, kwa wageni wengine, zilikuwa mara tisa. Mimi nilikuwa nikihesabu. Mtu asiyejua safari zake mwenyewe ni ngapi, nilijiambia, hata la leo hawezi kulisema kweli.

Ajabu ni kwamba mwenye nundu ile hakubeba kitu. Si kuni, si kibuyu cha maji, si hata mkeka wake mwenyewe kuutoa juani. Binti wa ndugu yake alimletea maji. Chumvi alimwagiza mtu yeyote anayekwenda madukani Gongoni, na mtu huyo akirudi ilimpasa aiingize mpaka ndani, kwa sababu Mpagazi hakuipokea mkononi. Alisema mzigo wake wa mwisho aliutua zamani na hajitwishi tena. Safari moja tarishi wa mwanangwa, yule mjumbe wa mkuu wetu wa kijiji, alimwamuru asaidie kubeba sanduku la bwana mmoja aliyekuwa anapita. Mpagazi akamtazama kwa utaratibu. "Sanduku hilo ni zito?" akauliza. Tarishi akasema si zito. "Basi libebe, na mimi unipandishe juu yake, maana nataka kwenda huko huko." Njia nzima ilicheka, na tarishi hakusahau.

Alikuwa na neno lake. Ukimjia kwa haraka, una habari au una ugomvi, kabla hujafungua kinywa alisema, "Tua kwanza." Akakuacha umesimama hapo mpaka pumzi irudi, ndipo akasema, "Haya." Vijana walimwiga. Mimi liliniudhi, kwa sababu lilinifanya nisahau nilichokuja kumgombeza. Kuku wake walikula kwangu miaka mingi kwa msaada wa neno lile.

Na mkono wa birika alikuwa nao. Kila anayepita, yeye alimwomba ugoro. "Nimeishiwa," alisema, kiganja kikiwa tayari kimefunguliwa. Siku moja niliingia kwake kuweka chumvi nikaliona kopo la ugoro nyuma ya mlango, limejaa mpaka mfuniko hautulii. Nikatoka nikamkuta anamwomba mwalimu wa kanisani. Nilimkata jicho, na yeye akanikonyeza, mzee mzima.

Lakini lililonikera zaidi ni swali la chakula. Shamba lake halikuzidi ukubwa wa uwanja wangu. Ng'ombe hakuwa nao, mtoto wa kumtumia kitu hakuwa naye, na kiangazi chote alikuwa kwenye kigoda. Hata hivyo hakukonda. Alikula mlango umefungwa, na moshi wa jiko lake ulipanda kila siku kama wetu. Mtu haishi kwa kukaa. Mahali fulani, nilijiambia, kuna mkono unaomlisha, na mkono unaolisha hauachi kuuliza.

Nilimwuliza mara moja, kwa mzaha, mbona hachoki kukaa. Akaniambia, "Mama Rahel, nyinyi kiangazi mlikuwa mnakicheza. Mavuno yakiisha, mnaezeka nyumba, mnaoza watoto, mnapiga ngoma. Sisi ndipo tulipojitwisha. Masika huwezi kutembea, mito imejaa. Viangazi vyangu vyote vilikwisha njiani. Sasa navirudisha kimoja kimoja."

Ndipo vita vya pili vikaja, na kiangazi kikawa kosa.

Watu wanaoandika habari za vita hutaja meli na mizinga. Mimi niliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la nne sijui bei ya meli. Ninachojua ni kwamba vita vile vilikula viangazi vyetu, vitano au sita mfululizo. Kiangazi si uvivu. Ndicho kipindi nyumba zinaezekwa, mke anakwenda kuwasalimu wazazi wake, wachumba wanaoana, wenye kesi wanakaa chini na kupatana. Serikali ikaona mikono iliyotulia, ikasema hii ina nafasi. Wanaume wakachukuliwa kwenda kukata mkonge, wengine kugema mpira wa porini na kutafuta nta. Mume wangu alikwenda jeshini, akaishia Bama, ng'ambo ya bahari. Sisi wanawake tukaambiwa tulime muhogo hata pale ardhi imekauka kama kigae, na mtama wetu tuuze kwa serikali, tutake tusitake, kwa bei waliyoipanga wao. Madukani Gongoni kitambaa cha amerikani kikaadimika, kaniki ikaadimika, mafuta ya taa tukayapangia foleni. Nyumba zikavuja masika kwa kuwa hakuna aliyeezeka kiangazi. Mama yangu mzazi sikumwona miaka mitatu, na alikuwa Nzega tu. Hesabu hiyo sijaona mtu akiiandika.

Mpagazi peke yake aliendelea kukaa. Alikuwa mzee, hawakuweza kumpeleka popote, na kwa kukaa kule alinichoma moyo kuliko tarishi. Mume wangu yuko kwenye matope ya watu, mimi mgongo unakatika, na yeye ameinyoosha miguu. Vita alivizungumza kama mtu anayezungumza habari za jirani asiyempenda. Vile vya kwanza alivijua kwa bega. "Nilimbebea Mjerumani kwenda," alisema, "nikakamatwa, nikambebea Mwingereza kurudi. Sanduku lilikuwa lile lile." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akasema waliobeba naye kutoka Cheyo walikuwa kumi na wanane, na waliorudi aliweza kuwataja bila kuvuta pumzi.

Mwaka wenyewe ninaotaka kuusema, mvua zilikatika mapema na mavuno yakawa nusu. Nilipomaliza kupura mtama wangu, Mpagazi akaniita kutoka kwenye kigoda chake. "Mama Rahel, choma makapi yale." Nikamwambia makapi hayamdhuru mtu. "Choma," akasema tena. Nikasema na moyo wangu, huyu hata makapi yangu anayaangalia, na nikayaacha pale pale, rundo zima.

Siku chache baadaye akaja mlangoni kwangu kwa miguu yake. Hilo halikuwa jambo la kawaida, na nikajua anataka kitu.

"Nipe pishi moja ya mbegu," akasema. "Nikuzikie."

"Unizikie?"

"Nikuzikie. Mvua ikija nakufukulia."

Hakueleza zaidi. Nilimtazama yule mtu asiyelima, asiyebeba, mwenye kopo la ugoro nyuma ya mlango, nikaiona mbegu yangu ikipanda juu na moshi wa jiko lake. "Babu," nikasema, "mbegu zangu nitazitunza mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kigoda chake.

Mbegu niliziweka kwenye kilindo, lile pipa dogo la gome la mti tunalohifadhia nafaka, nikalitundika juu ya mafiga ili moshi uzuie wadudu. Sikumwambia mtu. Mtama wa kula niliugawa mara mbili. Gunia mbili zilikuwa kwenye kihenge, na gunia mbili nilizificha kwenye nyumba ya mbuzi chini ya majani. Tarishi alipokuja na watu wake alichukua gunia moja kihengeni, kisha bila kuuliza akaenda moja kwa moja nyumba ya mbuzi. Zikatoka zote mbili. Alinipa vishilingi vyangu na akaniambia niache ujanja. Nikabaki na gunia moja na watoto watatu mpaka mavuno mengine.

Nilipoinua macho, ng'ambo ya njia kulikuwa na miguu imenyooshwa juu ya gogo. Sikuhitaji kuambiwa. Nani mwingine alikuwa akiniangalia kutwa nzima? Huo ndio mkono unaomlisha, nikasema. Wanamlisha kwa macho yake. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi sikumwamkia. Kutomwamkia mzee wa rika lile ni jambo kubwa, na yeye akajifanya hakuona.

Dirisha langu la upande wa njia lilikuwa na ufa kwenye ubao. Sioni haya kusema kwamba niliutumia. Ndiyo maana nilimwona. Ilikuwa saa saba mchana, jua la mwezi wa tisa, hakuna kiumbe nje, kila mtu amejifungia kwenye ubaridi wa ndani. Mpagazi aliinuka, akatazama njia huku na huku, akazunguka nyuma ya nyumba yake, na nikasikia jembe. Kesho yake, saa ile ile, tena jembe. Siku ya tatu tena. Mtu ambaye hajawahi kushika jembe kiangazi.

Tarishi alipopita wiki ile alisimama kwangu kuomba maji. Alimwangalia Mpagazi, na nadhani bado alikuwa na sanduku lile kichwani. "Mama," akaniuliza, "huyu anayelala kutwa anakula nini?"

Maneno niliyomjibu nayakumbuka yote. Nilisema, "Mimi najuaje? Mwulizeni anachimba nini nyuma ya nyumba na mvua haijanyesha."

Ni hayo tu. Nimeyageuza miaka mingi nikitafuta pembe ambayo kutoka hapo yataonekana madogo. Alikunywa maji, akanishukuru, akaenda zake.

Siku iliyofuata walikuja na majembe, na mwanangwa mwenyewe nyuma yao. Njia nzima ilitoka kuangalia. Mpagazi hakuinuka. Hakuikunja hata miguu, ikabidi wamzunguke. Walichimba nyuma ya nyumba wakatoa mtungi uliozibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakapasua mdomo wake. Mtama mweupe mtupu, wa mbegu, umechaguliwa punje kwa punje. Wakatoa wa pili. Wakatoa wa tatu. Mitungi sita. Na kwenye shingo ya kila mtungi palikuwa na kitambaa kimefungwa.

Nikasogea karibu. Vitambaa vile nilivijua. Kimoja kilichanwa kwenye kanga ya Nyanzala, jirani yangu wa mkono wa kulia, ile ya manjano aliyokuwa anaivaa kila Jumapili mpaka ikachuja. Kingine kilikuwa cha kaniki ya mama mkunga. Vyote vilikuwa vya majirani. Kila mpagazi zamani alifunga kipande cha nguo yake kwenye mzigo wake ili usichanganyike, hilo Mpagazi alishatusimulia mara mia. Wakati wa misafara, wakienda pwani, walikuwa na mtu mmoja wa kuwazikia posho ya kurudia njiani, na yeye peke yake ndiye aliyejua mahali, maana wakijua wengi, mmoja atarudi mapema na kula. Hilo pia alishasimulia. Mimi nilikuwa nahesabu safari zake kama ni tisa au kumi na tatu.

Mwanangwa akasema kuficha chakula wakati askari wana njaa ni hatia. Wakabeba mitungi yote sita kwenda kumwaga kwenye magunia stesheni. Mbegu za nyumba sita zikaenda kupikwa.

Majirani hawakumlaumu mwanangwa, maana yeye angekuwa na maneno ya kujibu. Walimgeukia Mpagazi. Nyanzala alikuja kwangu jioni. "Ametuuza," akasema. "Ametukusanyia mbegu mahali pamoja ili wasihangaike kuzunguka nyumba kwa nyumba. Alikuja kwako pia?"

"Alikuja," nikasema. "Nilimkatalia. Mtu yule nilimshuku siku nyingi."

Nilisema hivyo. Ulimi haukuteleza. Niliona mlango umefunguka nikapita. Kama wangejua, mwanamke ambaye mumewe hayupo, mgeni wa kuolewa, wangenifukuza Cheyo na watoto wangu. Nilikuwa naogopa, na hofu ile ilikuwa ya haki, na bado nilisema uongo.

Kuanzia hapo Mpagazi hakusalimiwa. Watoto hawakumwita babu. Akinyoosha kiganja kuomba ugoro, kiganja kilibaki hewani. Mtu mmoja alimtupia mchanga mlangoni. Yule binti wa ndugu yake aliendelea kumletea maji, lakini alipita nyuma ya nyumba ili asionekane. Mpagazi alikaa kwenye kigoda kile kile, miguu juu ya gogo. Nilimngoja ajitetee. Nilichungulia kwenye ufa wangu nikingoja aite mtu, aseme neno moja tu, anyooshe kidole ng'ambo ya njia. Hakusema. Nikaanza kushuku ukimya wake pia. Nikajiuliza anauwekea nini.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Cheyo ilikuwa na ardhi laini na haina mbegu. Mimi nilikuwa na kilindo. Nyanzala ndiye aliyekuja kwanza, akakaa mlangoni, akazunguka mbali sana kabla ya kufika alikotaka kufika. Nilimpimia vibaba viwili, nusu pishi. Kisha akaja mama mkunga, kisha wengine, mpaka nyumba zote sita zikapata. Nilibaki na mbegu kidogo mno, na shamba langu mwaka ule lilikuwa dogo kuliko la mtu yeyote. Nilijiambia hiyo inatosha. Wakaanza kuniita Mama Mbegu. Mzee wa kanisa alinisimamisha mbele ya watu Jumapili, akasema huyu ndiye aliyetunza na akagawa. Nilisimama nimeshika kitabu cha nyimbo, jasho linanitoka mgongoni, na wote wananitazama kwa upole.

Vita vikaisha. Baba Rahel alirudi mzima, ila mkono wake wa kulia hauinuki kupita bega. Amerikani ikarudi madukani, viangazi vikarudi, tukaezeka. Mpagazi alizeeka ghafla. Binti wa ndugu yake aliolewa Igunga, na kikohozi kikamkaa. Watu walikuwa wameanza kumwamkia tena, wamechoka kumkasirikia, lakini walimwamkia huku wanapita.

Ilikuwa kiangazi, alasiri, ndipo nilipovuka njia. Nilikuwa nimenunua ugoro Gongoni. Nilikwenda mbio ili nisirudi nyuma.

"Shikamoo babu. Nimekuja kusema neno, lile la mwaka ule..."

"Tua kwanza," akasema.

Nikasimama. Pumzi ikarudi. Alichukua ugoro wangu, akaingia ndani kwa kujivuta, akatoka na kopo. Lilikuwa limejaa. Akaongeza wangu juu yake, akaushindilia kwa kidole gumba.

"Marahaba," akasema. "Haya."

"Mimi ndiye niliyemwambia tarishi."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Mitungi ilikuwa sita. Ukitoa walionipa, njia hii inabaki nyumba ngapi? Mtu hafukui mbegu yake mwenyewe ampe mwanangwa." Akakohoa, akafuta midomo. "Na mimi sikumwambia mtu habari ya nyumba yako ya mbuzi, kama bado unafikiri hivyo. Ni makapi yako. Mwenye gunia mbili hatoi makapi ya gunia nne. Nilikwambia uchome."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, ingawa ni mtu mzima na njia ilikuwa na watu. Nikamwuliza kwa nini hakusema, miaka yote, wakati watu wanamtupia mchanga.

"Ulikuwa na kilindo," akasema. "Mwezi mzima uliwasha moto saa nane mchana na hupiki. Unafukiza nini, kama si mbegu? Ningesema, wangekutoa Cheyo siku ile ile, na wewe ungeondoka na kilindo chako. Wangepanda nini?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikujisumbua kuyafuta.

"Usinilie mimi," akasema. "Sikuwa nazika bure. Kila pishi nilipata kibaba changu. Miaka mingi, si mwaka ule tu. Ulikuwa unajiuliza nakula nini. Nilikuwa nakuona."

"Kwa hiyo hakuna anayejua ila wewe?"

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Unadhani Nyanzala hajui kuhesabu vitambaa?"

"Mbona aliniita Mama Mbegu? Mbona waliniita wote?"

"Walikuwa hawajapanda," akasema. "Baadaye ikawa mazoea."

Kesho yake nilipima pishi moja ya mtama mweupe, nikauchagua punje kwa punje, nikautia mtungini. Nikachana upindo wa kanga yangu nikaufunga kwenye shingo ya mtungi. Nikachukua na kibaba kimoja kwenye bakuli, nikavuka.

Mpagazi akautazama mtungi. "Vita vimekwisha, Mama Rahel."

"Najua, babu."

"Na mavuno yalikuwa mazuri."

"Najua."

"Kibaba changu?"

Nikampa bakuli. Alikipima kwa mkono, akaridhika. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: akainama, akaushika mtungi ule kwa mikono miwili, akaupandisha kwenye bega la kushoto, juu ya nundu. Alisimama kidogo mpaka miguu ikatulia.

"Nenda kwako," akasema. "Funga dirisha. Anayejua ni mmoja."

Nikaenda, nikafunga. Nikasikia jembe, taratibu sana, pigo moja kisha kikohozi, pigo moja kisha kikohozi. Ufa ulikuwa pale pale kwenye ubao, na mwanga unapita. Nikageuza kigoda changu nikalipa dirisha mgongo. Nilikaa hivyo mpaka jembe likanyamaza.

Alikufa kabla ya mvua. Tulimzika vizuri, na wote walikuja, hata tarishi, ambaye naye alikuwa amezeeka. Tulipokuwa tunarudi Nyanzala alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliona mahali Mpagazi alipouzika mtungi wangu, maana yeye alimwona akiwa ameubeba begani.

Nikamwambia sikuona. Aliuachia mkono wangu, na nikajua kwamba haniamini.